Lamu Inauza Twiga, Liyongo Yuko Wapi?

Ingia duka lolote la vikumbusho pale Usita wa Mui, Lamu. Nakupa dakika moja tu. Utakutana na twiga wa mbao, simba wa mbao, kifaru wa jiwe la Kisii, Mmasai ameshika mkuki wa waya, na vishika-funguo vimeandikwa Hakuna Matata kwa rangi za bendera. Twiga, Lamu! Mnyama atakayekukanyaga mguu Lamu ni punda, na punda mwenyewe kwenye rafu umtafute kwa tochi.

Kabla hamjanirukia, najua kuna vitu vyetu pia. Kuna yale macho ya jahazi ya kuchongwa, kuna kofia za mkono zinazochukua miezi kushonwa, kuna zile pete za fedha zenye kipande cha kigae cha sahani ya zamani ya Kichina. Hizo pete nazipenda sana, mtu ameokota kitu kilichovunjika akakifanya cha kuvaliwa. Lakini hesabu rafu. Twiga ameshinda. Na huyo twiga anauzwa Lamu, Mombasa, Naivasha na uwanja wa ndege Nairobi, uso ule ule, shingo ile ile. Ukirudi nacho nyumbani kinakukumbusha nini hasa? Kwamba ulinunua kitu.

Mimi ni mtu wa Mtangawanda. Kwa wale ambao ramani yao ya Lamu inaishia Shela: Mtangawanda ndipo boti ya kutoka Lamu inaposimama ikifika kisiwa cha Pate, baada ya kupita Mkanda. Wanaokwenda Pate mjini wanashuka hapa, kisha ni mguu kama saa moja, au piki, au punda kama una mzigo. Wa Faza na Kizingitini wanaendelea na boti, maji yakiwa yamejaa. Watalii wachache wanaofika hupiga picha mbili za mikoko, wanauliza choo, wanaondoka. Chuo niliacha mwaka wa pili kwa sababu ya karo, nikarudi nyumbani na simu yangu, na tangu hapo kazi yangu ni kutengeneza kontenti. Wanaoniuliza kila siku nitarudi lini darasani, tutaongea siku nyingine.

Sasa kilichonitoa kimya ni farasi. Nilikuwa natafuta video za punda, simu ikaniletea mzee mmoja wa Uingereza anafungua boksi lake la vishaba vya farasi. Nilidhani nitaiangalia sekunde kumi. Nikaimaliza yote, nikatafuta nyingine, nikakesha.

Vishaba vyenyewe ni hivi: kipande cha shaba ya njano, mara nyingi upana wa kiganja, kina tundu juu la kupitisha ukanda wa ngozi. Walikuwa wanawavalisha farasi wakubwa wa kukokota mikokoteni, kwenye paji la uso au vifuani, vimepangwa kwenye ukanda mmoja chini ya mwingine. Mtindo huu ulishamiri hasa nusu ya pili ya karne ya 19. Miji kama Walsall na Birmingham ilikuwa inavisubu kwa maelfu. Mwanzoni maumbo yalikuwa mepesi tu, mwezi mchanga, jua, nyota, moyo. Mwezi na nyota, kama kwenye macho ya majahazi yetu. Nilicheka peke yangu chumbani.

Halafu ikaingia biashara ya hadithi. Lori na trekta zikamnyang'anya farasi kazi, mikanda ikatundikwa ukutani kwenye vilabu vya pombe vya vijijini, na wenye viwanda wakaona kuna watalii wanataka kubeba kitu. Basi kila mji ukajitafutia kiumbe chake. Lincoln wana kishetani chao cha kanisani: hadithi inasema alikuja kufanya fujo ndani ya kanisa kuu, malaika akamgeuza jiwe, na mpaka leo amekaa pale juu ameweka mguu juu ya mguu. Wakamsubu kwa shaba. Nottingham wana Robin Hood. Cornwall wana majini yao madogo ya porini. Waliosoma wakaletewa Shakespeare na watu wa ndani ya vitabu vya Dickens. Mtu anapanda treni, anatembea mji, anarudi na hadithi ya mji ule mfukoni, nzito kidogo, baridi, inang'aa ukiisugua.

Nikakaa nikajiuliza: hawa watu wamechukua shaba na hadithi wakaviunganisha. Sisi huku kisiwani tuna hadithi ambayo shaba imo ndani yake tayari, na tunauza twiga!

Hadithi yenyewe unaijua hata kama hujui kuwa unaijua. Fumo Liyongo. Jitu la nguvu, fundi wa upinde, mshairi, na mfalme wa Pate anamwogopa mpaka halali. Wanamfunga gerezani. Mama yake anampelekea chakula kwa mkono wa kijakazi, Saada, na walinzi wanakula mkate mzuri wanamwachia ule wa wishwa, mkate wa kimasikini. Ndani ya mkate wa wishwa kuna tupa. Usiku kunapigwa gungu nje, pembe na matoazi, na katika kelele ile Liyongo anakata pingu zake taratibu. Niambie kama hiyo si filamu.

Silaha hazimuui. Kuna kitu kimoja tu kinachomuua, sindano ya shaba, tena ichomwe kitovuni. Siri hiyo anaitoa kwa mwanawe mwenyewe, ambaye ameshaahidiwa zawadi na ndoa na watu wa mfalme. Kijana anamchoma baba yake akiwa usingizini. Liyongo anaamka, anachukua upinde wake, anakwenda mpaka karibu na kisima, anapiga goti, anapachika mshale, na anakufa vile vile, ametega. Mji mzima unakaa siku kadhaa bila maji kwa sababu hakuna anayethubutu kusogelea kisima, wakidhani yu hai. Upande wa Ozi, karibu na Kipini, watu hukuonyesha mahali wanapoamini alizikwa.

Hesabu picha zilizomo humo. Mkate wenye tupa ndani, sindano, kisima na upinde uliotegwa. Huhitaji kualika mbunifu kutoka Nairobi.

Na wazungu waliiona mapema kuliko maduka yetu. Edward Steere aliichapisha London mwaka 1870, kwenye kitabu chake cha hadithi za Waswahili, miaka ile ile ambayo Walsall ilikuwa inavisubu vishaba. Kisha mwaka 1913 mtu wa Lamu, Muhammad Kijuma, akaitungia utendi, na huo ndio toleo ambalo wengi tumelisoma au tumesomewa. Kijuma huyo ndiye ningempa tuzo ya mtengeneza kontenti wa karne. Alikuwa mshairi, alikuwa mwandishi wa hati nzuri ya Kiarabu, alikuwa mwanamuziki, na alikuwa mchonga milango. Mkono ule ule! Aliyeandika habari za Liyongo alikuwa anashika patasi. Kwa hiyo anayeniambia fasihi na ufundi wa mkono ni vitu viwili tofauti, mwambie akamuulize Kijuma.

Shaba nayo si ngeni kwetu. Nenda makumbusho ya Lamu, pale mbele ya bahari, utazame siwa mbili. Ya Pate ni ya pembe ya ndovu, urefu wake unapita mita 2. Ya Lamu ni ya shaba, imesubiwa kwa ufundi wa nta: unaumba umbo kwa nta, unalifunika kwa udongo, unachoma, nta inayeyuka inatoka, unamimina shaba iliyoyeyuka mahali ilipokuwa. Ukikosea umekosea, huna nta tena ya kurudia. Hizo ndizo zilizokuwa zinapulizwa kwenye harusi na sherehe kubwa za mji, na bila siwa jambo halikuhesabiwa kuwa jambo. Leo zimo nyuma ya kioo, na mtoto wa shule anapita mbele yake akiwa na pochi yenye picha ya Spider-Man.

Niliposema haya kwa babu yangu, hakufurahi hata kidogo. Alininyamazia kwanza, halafu akasema, "Mwanangu, Liyongo si mtu wa kutundikwa kwenye suruali." Nikamwambia, "Shikamoo babu, nimesikia, lakini twiga ndiye anayetundikwa sasa." Akaniambia nisijibu haraka, nikakaa kimya mpaka baada ya Isha.

Alikuwa na hoja mbili na zote ni nzito. Ya kwanza ni sura. Sisi tangu zamani hatuchongi viumbe. Tazama mlango wowote wa zamani Lamu au Pate: maua, minyororo, maandishi, jua la duara, hutaona uso wa mtu. Kwa hiyo Liyongo wa shaba mwenye misuli na ndevu kama mcheza mieleka, huyo hapana, na mimi simtaki pia. Lakini hoja hii badala ya kunifunga ilinifungulia. Hakuna sababu ya kumwonyesha Liyongo. Onyesha upinde umepiga goti peke yake kando ya kisima. Onyesha mkate umekatwa katikati na tupa inachungulia. Asiyejua atauliza ni nini, na ukishaulizwa ndipo hadithi inapotoka. Twiga haulizwi na mtu yeyote.

Hoja ya pili ni hirizi. Babu aliogopa tutaanza kuwauzia watu ushirikina, ati hiki kinakinga jicho baya, kinaleta riziki. Hapo niko naye kabisa, na hili ndilo ninalotaka wenzangu wa biashara ya mtandaoni wasome mara mbili. Vishaba vya Uingereza viliuzwa miaka na miaka kwa maneno hayo hayo, kwamba ni kinga ya kale dhidi ya mapepo. Ushahidi wa kuwa wale wachukuzi wa mikokoteni walivivalisha kwa imani hiyo ni mdogo sana. Kwa sehemu kubwa vilikuwa pambo na fahari, mtu anataka farasi wake apendeze kuliko wa jirani. Hadithi ya hirizi ilinogesha biashara. Sasa sisi tuna hadithi ya kweli, kwa maana ya kwamba kweli watu wa hapa wameisimulia kizazi baada ya kizazi. Kwa nini tuandike kwenye kadi "hirizi ya kale ya Waswahili"? Andika: kimetengenezwa Pate mwaka huu, na fulani, kwa shaba ya koki kuukuu. Inatosha na ni safi.

Ila kuna jambo moja la vile vishaba linanisumbua kuliko yote ya babu. Angalia wakati. Vishaba vya hadithi vilijaa maduka farasi alipokuwa anaondoka barabarani. Kikumbusho kilinawiri mnyama alipokosa kazi. Na hapa Mtangawanda, asubuhi boti ikifunga, mtu wa kwanza kukuita sasa ni wa pikipiki. Punda wanasimama nyuma, kwenye kivuli, na shogi zao mgongoni, wanasubiri mchanga, mawe au saruji, mizigo ambayo piki haiwezi au haitaki. Sina neno na watu wa piki, binamu yangu ni mmoja wao na bila yeye bibi hafiki hospitali. Lakini naona tunakoelekea. Miaka ishirini ijayo nitauza punda wa shaba kwa watu ambao hawajawahi kumwona punda akipita, nami nitaiita hiyo utamaduni.

Ndiyo maana msimamo wangu ni huu, na najua kuna watu wa biashara watanicheka: kabla hujaweka kishaba chochote dukani, kivalishe punda. Punda wa kazi, wa hapa. Kiwe pambo la mnyama aliye hai na fahari ya mwenye mnyama. Siku ya mashindano ya punda kwenye Maulidi, pale Lamu, mji wote unasimama mbele ya bahari kutazama. Mpanda punda bingwa ni staa kuliko mimi na wafuasi wangu wote. Mvalishe punda wake upinde wa Liyongo kifuani uone kama wiki hiyo vijana hawataulizia. Mtalii akitaka baadaye, anunue kitu ambacho sisi wenyewe tunakivaa. Pete za vigae zinauzika kwa sababu hiyo, ziko kwenye vidole vya watu wa hapa.

Na kisitese mnyama. Lamu kuna hospitali ya punda ya shirika la Uingereza tangu miaka ya 1980, na kila mwenye punda amewahi kusikia somo lao la vidonda vya mgongoni. Shaba nzito kwenye kamba ya nailoni itamchubua punda siku ya kwanza. Inatakiwa nyembamba, kingo zimesuguliwa, na iketi juu ya ngozi pana, laini. Ngozi si shida. Siyu iko hapa hapa kisiwani, na Siyu inajulikana tangu zamani kwa mafundi wake wa ngozi, wa vyuma na wa kunakili misahafu kwa mkono. Viatu vya ngozi vya Siyu ungekuwa unavivaa ungekuwa hununui vile vya mtumba.

Kusubu nako hakuhitaji kiwanda. Waingereza walichonga kiolezo cha mti, wakakigandamiza kwenye mchanga wenye unyevu, wakakitoa, wakamimina shaba kwenye alama iliyobaki. Kiolezo cha mti! Lamu kuna wachongaji wangapi ambao wanachonga twiga kwa sababu ndilo oda lililoletwa? Mpe mmoja wao kipande cha mti cha ukubwa wa kiganja na umwambie hadithi ya kisima.

Tuje kwenye pesa, maana najua ndiyo mnayosubiri. Mwaka jana nilipeleka mikoba midogo kumi na miwili ya ukindu, kazi ya shangazi yangu, kwenye duka moja ambalo sitalitaja. Walichukua kwa shilingi 150 kila mmoja. Wiki mbili baadaye mfuasi wangu mmoja akanitumia picha, ameununua pale pale kwa 900, na kadi inasema "African Handmade", kwa Kiingereza, hakuna Pate, hakuna shangazi. Sikatai duka lipate faida, lina kodi na stima. Nakataa jina kufutwa. Kila kishaba kikitoka hapa kiwe na jina la aliyekisubu na jina la kisiwa, nyuma, limechongwa, mahali ambapo huwezi kubandua.

Maana mtoto wa Liyongo naye aliahidiwa vitu vikubwa akatoa siri ya nyumbani, na zawadi hakuipata. Kila nikisikia mtu anataka "kununua wazo" langu namkumbuka yule kijana na sindano yake.

Kuna watakaosema mbona Liyongo tu, mbona mwanamume mwenye upinde tena. Sawa kabisa, na Pate haikosi. Bwana Mwengo alitunga Utendi wa Tambuka hapa mwaka 1728. Al-Inkishafi ilizaliwa kwa kutazama majumba ya Pate yaliyobomoka, na magofu yenyewe bado yapo, yamezungukwa na mashamba ya tumbaku. Kishaba cha kidaka kitupu, lile shubaka la ukutani lililokuwa likiwekwa vyombo vya kaure, hicho mimi ningekivaa shingoni kesho. Na kuna Mwana Kupona, nitamfikia.

Hali ilivyo sasa ni hii. Sonara mmoja amekubali kujaribu kusubu vitano, kwa koki na rafadha kuukuu tulizokusanya kwa watu wa boti. Anataka shilingi 400 kila kimoja mpaka aone kama itamlipa, na ameniambia waziwazi kuwa cha kwanza kitatoka kibaya. Ngozi nimepata Siyu. Kilichobaki kilikuwa punda, na mwenye punda niliyemwendea, mama mmoja anayebeba saruji kutoka jetini, alinisikiliza hadithi yote ya Liyongo, kisima, sindano, akatikisa kichwa. Punda wake ni jike, akasema, na yeye mwenyewe ni mwanamke, hawatatembea na upinde wa mwanamume aliyeuawa na mwanawe. Anataka cha Mwana Kupona, ambaye alimtungia bintiye utendi mwaka 1858 akiwa mgonjwa. Nikamuuliza tuchore nini, uso hatuchori. Akanitazama kama mtu asiyesoma.

"Kalamu na kidau cha wino," akasema. "Na kiwe kidogo, asiumie."

Kiolezo kinachongwa wiki hii.